Deni la Kariakoo: usingoje muda uishe

Dada yangu, unauliza kama bado unaweza kumshtaki mwenzako wa biashara Kariakoo uliyemkopesha milioni 4 mwaka 2021, akaahidi kulipa 2022. Unaweza. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6 tangu alipokiuka ahadi, lakini usingoje. Mashahidi huhama, simu zenye ushahidi hupotea.

Kwanza mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, ubaki na nakala. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo anakoishi. Kesi huendeshwa kwa Kiswahili. Beba karatasi ya makubaliano, miamala ya M-Pesa na shahidi aliyekuona ukimkabidhi.

Ukishinda asipolipa, rudi uombe kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kutekeleza hukumu. Wengi huishia na karatasi ya ushindi kabatini kwa kutojua hilo, na inaniuma sana.