Gitaa la mtumba kwa laki na nusu hapa Dodoma

Mdogo wangu, umeuliza kama laki na nusu (shilingi 150,000) inatosha gitaa; inatosha akustiki, yaani lisilotumia umeme, ya mtumba, ila usinunue kwa picha, nenda ukaishike. Funga jicho moja uangalie shingo toka kichwani kama fundi anavyokagua ubao, ikipinda sana achana nayo. Alafu pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) nyuzi zikikaa juu yake zaidi ya milimita 3 vidole vitaumia na utakata tamaa mapema. Penyeza karatasi chini ya daraja la nyuzi, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ikiingia ujue gundi imeachia. Kiangazi chetu kikavu mno, yangu ilipasuka mgongo Agosti iko tu ukutani, kwahiyo kagua nyufa taratibu juani. Nyuzi zenye kutu zisikutishe, hizo unabadili. Ukikuta Yamaha F310 iliyonyooka, chukua.