Tina, hadina na pumu ya fundi rangi

SWALI: Shikamoo daktari. Ni fundi rangi wa magari hapa Unga Limited, Arusha, mwaka wa nne sasa. Sikuwahi kuwa na pumu, lakini siku hizi ikifika usiku kifua kinabana na nakohoa hadi alfajiri. Nikikaa nyumbani Jumapili napata nafuu. Je, ni tina? Wenzangu wanasema ninywe maziwa baada ya kazi.

JIBU: Marahaba. Maziwa kunywa kama unayapenda, ila yanakwenda tumboni. Ulichovuta kiko mapafuni.

Tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, haina usalama. Mvuke wa toluini na zailini zilizomo ndani yake hukereketa njia za hewa, na mwenye pumu humwamshia. Hata asiye nayo, akivuta mvuke mwingi kwa mkupuo kwenye chumba kilichofungwa, anaweza kubanwa ndani ya saa 24 na tatizo likabaki miezi. Lakini wewe hukupatwa hivyo. Ulifanya kazi muda mrefu bila shida, kisha mwili ukageuka. Mimi naishuku hadina, ile inayochanganywa na rangi ili ikauke na kuwa ngumu.

Hadina nyingi za rangi za 2K (zile za kuchanganya rangi na hadina) zina isosayaneti, kemikali inayojulikana sana kwa kuleta pumu ya kazini. Kinga ya mwili hujifunza kuiona kama adui, pengine kwa miezi, pengine miaka. Ikishafika hapo, kiasi kidogo tu kinatosha, hata kama anayepuliza ni mwenzako nawe uko pembeni unapiga msasa. Shambulio huweza kuchelewa saa 4 hadi 8, ndiyo maana gerejini uko mzima na kitandani unahangaika.

Usiitegemee pua. Tina unaisikia ukiwa mbali. Isosayaneti ukiisikia, imeshapita kiwango salama. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Yenye kichujio cha mkaa husaidia kwa tina, ila kupuliza 2K kunataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Najua bei yake, na najua gereji chache mno zinayo.

Nenda hospitali, Mount Meru au KCMC ya Moshi, na kabla ya yote taja kazi yako. Ukisema kikohozi cha usiku tu, utapimwa kifua kikuu (sawa, kipimwe) na hadina haitaulizwa. Omba kile kifaa kidogo cha kupima nguvu ya pumzi. Pima mara 4 kwa siku kwa wiki kadhaa, siku za kazi na za mapumziko, uandike. Namba zikishuka kazini na kupanda nyumbani, daktari ana pa kushika. Ukibanwa hadi kuongea ni shida, usingoje asubuhi.

Ikithibitika, acha kupuliza 2K mapema; anayeendelea huku akitegemea pampu ya dawa ya pumu huzidi kuharibika. Unyooshaji wa bodi upo, mradi si banda moja na wapulizaji. Na kama umeajiriwa, mwajiri atoe taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: magonjwa yatokanayo na kazi yana fidia, na lile daftari la namba litakusaidia.