Ripoti ya bosi inatoka nusu

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ndo IT peke yangu kwenye duka la jumla Kariakoo, tuna matawi Mbagala na Tegeta. Usiku seva inavuta mauzo ya matawi, inalinganisha na miamala ya simu, inatoa ripoti halafu bekapu. Nimeziweka zote kwenye kron, ile programu ya seva inayoanzisha kazi saa ikifika, mauzo saa saba, ulinganisho saa nane, ripoti saa tisa. Sasa intaneti ya Tegeta ikisumbua ripoti inatoka na Mbagala tu, bosi anawaka, anataka tununue programu kama za mabenki. Ndo dawa?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Hela hiyo bado mdogo wangu. Kron inaangalia saa tu, ikifika tisa inarusha ripoti hata kama mauzo yamekwama njiani, haijui na wala haiulizi. We acha muda mmoja tu, ule wa kuanzia, halafu kazi ziitane zenyewe: mauzo yakirudisha 0, yaani yameisha salama, ndo ulinganisho unaanza, ikirudi namba nyingine yoyote kila kitu kinasimama na meseji inakuja kwenye simu yako. Ila skripti nyingi, yaani yale maagizo yanayofanya kazi yenyewe, zinarudisha 0 hata faili likiwa tupu, so yako ihakikishe faili la Tegeta lipo na lina kitu ndani, kama halipo ijaribu tena kila dakika 10 mpaka saa kumi. Na kila ikirudia ifute kwanza mauzo ya siku ile ndo iingize upya, la sivyo Tegeta itaonekana imeuza mara mbili na bosi atafurahi bure.

Halafu cheki saa ya seva. Kama seva ni ya kukodi nje mara nyingi iko UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu masaa matatu, kwa hiyo saa saba usiku ya Dar unaandika 22, na kule tarehe bado haijageuka, skripti ikiomba mauzo ya "jana" itapewa ya juzi. Hili linasumbua watu wengi kuliko wanavyokubali.

Hizo programu kubwa za kupanga kazi kama Control-M zina maana ukiwa na kazi mamia kwenye seva nyingi zinazosubiriana. Ukikua sana jaribu Airflow, ilianzia Airbnb 2014 na ni ya bure. Na mwambie bosi hata mabenki yanaumia: RBS ya Uingereza, Juni 2012, walisasisha programu yao ya aina hiyohiyo ya kupanga kazi ikaharibika, wateja zaidi ya milioni 6.5 wakapata usumbufu, 2014 wakapigwa faini ya pauni milioni 56.

Bekapu itoe kabisa kwenye huo mnyororo, ipe muda wake, iende hata siku ripoti imefeli.