Mtoto Hajatembea Bado? Acha Kumpima kwa Mtoto wa Jirani

Mwanangu anatembea! Tangu wiki iliyopita anazunguka nyumba nzima hapa Free Area, Nakuru, mikono juu, tumbo mbele, akivuta kila leso inayoning'inia. Anakaribia miezi 17. Nina furaha isiyo kifani, na naandika kwa sababu najua kuna kina mama wengi wanaoingoja siku hii wakiwa na donge kooni.

Langu lilianzia kwenye chama. Tulikutana kwa mwenzetu Section 58, watoto wakaachwa wacheze pamoja sebuleni. Mmoja wao, mdogo kwa wangu, alikuwa akikimbia na kikombe cha plastiki mkononi. Wangu ameketi kitako anamtazama tu. Mama mmoja akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Kwani huyu wako ana nini? Bado tu?" Mwingine akadakia kwamba ni maziwa ya kopo, na mtoto wangu hajawahi kuyaonja. Wa tatu akasema nimezidi kumbeba mgongoni. Nikamaliza chai yangu, nikaaga vizuri, nikalilia kwenye matatu. Ile sauti sijaisahau hadi leo, wala sitajidai nimeisahau.

Aliyenitoa pale ni mama mkwe wangu. Yeye ni wa upande wa Kericho, na watoto humwita kogo. Alipokuja kututembelea hakuuliza mtoto ana nini. Aliketi sakafuni, akamvua mjukuu wake soksi na suruali ya pili niliyomvika kwa ajili ya baridi yetu ya asubuhi, akamwacha na nguo nyepesi. Kisha akamshika chini ya makwapa, akamsimamisha, akaanza kumwimbia huku akilegeza mikono polepole. Mtoto akasimama dede, magoti yakatetemeka, vidole vya miguu vikaing'ang'ania sakafu, akapepesuka. Kogo akamdaka, wakacheka wote wawili, wakaanza upya. Ikawa ndiyo desturi yetu kila asubuhi na kila jioni kabla ya kuoga.

Kogo aliniambia kwao mtoto huzoeshwa mapema. Akifikia umri wa kukaa huchimbiwa kishimo, kikatandikwa blanketi, akakalishwa humo ili mgongo upate egemeo. Haya si masimulizi ya jikoni tu. Mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliyaandika mwaka 1976 baada ya kuwachunguza watoto wa Kipsigis, kabila la kina kogo, kijijini Kokwet. Aliwakuta wanakaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kuwa wazazi wao waliwazoesha mambo hayo. Kutambaa, ambako hawakuzoeshwa, hakukuja mapema.

Hata hivyo kogo huyo huyo alisema jambo lililonituliza kuliko yote: baba wa mtoto wangu alikuwa wa mwisho kutembea kati ya ndugu zake, na alikuzwa kwa kishimo kama wao. Mazoezi husaidia, lakini kila mtoto ana wakati wake. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nchini Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006: mtoto huanza kutembea mwenyewe popote kati ya takriban miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wengine hata hawakutambaa kwa mikono na magoti, na wakatembea vizuri tu. Utaona basi kwamba watoto wawili wanaweza kupishana miezi mingi na wote wakawa wazima.

Dada mmoja wa Njoro ameniandikia kwamba wake ana miezi 14 na wifi yake anashinikiza apelekwe kwa mtu wa kukanda miguu. Dada yangu, usimpeleke. Mweke sakafuni peku. Mpunguzie nguo nyumba ikipata joto. Sogeza stuli na viti ashike, atembee akiegemea. Mweke sakafuni kesho tena, na kesho kutwa. Woka, kile kiti cha magurudumu cha kumzoesha mtoto kutembea, usinunue; jirani aliniletea ya mwanawe nikamshukuru, nikamrudishia siku hiyo hiyo. Kanada iliipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nayo kwenye ngazi, na isitoshe haimfundishi mtoto kutembea. Sakafu inamfundisha, na wewe ukiwa umeketi hapo naye.

Halafu fungua kile kitabu cha kliniki cha Mama na Mtoto. Watu hukitumia kwa chanjo na kilo tu, lakini kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Akiwa na miezi 18 utampeleka kwa chanjo ya pili ya surua, kwa hiyo kama bado hajatembea, mwambie muuguzi siku hiyo, naye aitishe uchunguzi. Usisubiri miezi 18 ikiwa hasimami hata akishikwa, mguu mmoja unaburutika, miguu inapinda matege kupita kiasi, au ameacha kufanya alichokuwa akikiweza. Hapo nenda wiki hii hii, hata kama mama mkwe anasema atakua tu.

Nanyi ambao watoto wenu walitembea na miezi 9, Mungu awabariki, furahini. Lakini mkiwa chamani, kanisani au kwenye mlango wa ploti, acheni kumuuliza mama mwenzenu mtoto wake ana nini. Yeye ndiye anayeamka naye usiku, na swali hilo ameshajiuliza kabla yenu. Mkitaka kumsaidia kweli, mshikieni kazi: mfulieni nguo au mteleke sufuria, apate nusu saa ya kukaa sakafuni na mwanawe.