Bei ya mgeni na ya mwenyeji kwenye gofu: niliyoyaona nikiwa kaunta

Mleta mada, pole na yaliyomkuta kaka yako. Kwa waliochelewa kuingia: kaka ni mtu wa Rombo, yuko Marekani miaka mingi na pasi yake ya kusafiria sasa ni ya huko. Desemba kaja kula sikukuu na wazee, wakaenda na shemeji yake kucheza gofu. Shemeji akalipa bei ya mwenyeji. Yeye, dada wa kaunta aliposikia tu matamshi yake, akatajiwa bei ya mgeni, karibu mara tatu. Anauliza kama huu si ubaguzi.

Nimekuwa kedi, yaani mbeba begi la mchezaji wa gofu, tangu ujana wangu, kisha nikakaa mapokezi miaka sita kwenye klabu moja huku kwetu kaskazini. Jina naliacha. Kaunta hiyo naijua vizuri, na msimamo wangu ni huu: kuwa na bei mbili si kosa. Kosa ni kumtazama mtu usoni halafu ndiyo umpangie bei.

Wengi wanadhani mwenyeji anapunguziwa kwa sababu ni mwenyeji tu. Klabu za zamani kama Moshi Club na Arusha Gymkhana, zenye mashimo 9 kila moja, ni za wanachama. Mwanachama analipa ada ya mwaka, acheze asicheze. Hela hiyo ndiyo inanunua dizeli ya mashine ya kukata nyasi, ndiyo inalipa vijana wa kumwagilia kuanzia Juni mpaka Oktoba, mvua zikishakata na nyasi kugeuka rangi ya makuti. Mtu aliyekuja asubuhi moja, akapiga mashimo yake akaenda zake Serengeti, hakuwepo kwenye hayo yote. Akilipa zaidi siku hiyo hajaonewa.

Na wala si mambo ya Kiafrika haya. Bethpage Black kule New York ni uwanja wa hifadhi ya jimbo, na mtu asiye mkazi wa jimbo hilo analipa zaidi sana kuliko mkazi, hata kama ni Mmarekani mwenzao. Torrey Pines ni ya jiji la San Diego, na wakazi wa jiji wana kadi yao na bei yao. Huko hakuna anayekisia. Unatoa kitambulisho chenye anwani, basi.

Hata hapa kwetu tunaweza. Nenda geti la Marangu. Mgeni kutoka nje analipa dola 70 kwa siku kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro, na VAT juu yake. Mtanzania na Mwanaafrika Mashariki mwingine analipa shilingi 10,000. Mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini ana kundi lake la katikati. Tofauti ni kubwa kuliko ya gofu yoyote, lakini sijawahi kusikia mtu akilalamika pale kwamba alikisiwa. Kila mmoja anaonyesha karatasi yake, mweusi kwa mweupe.

Sasa niwaambie kilichonifundisha. Siku moja, Jumamosi, akaja mzee wa Kigiriki, mmoja wa zile familia zilizolima kahawa huku tangu enzi za mkoloni. Kofia ya pama, viatu vya gofu vimeliwa kisigino upande mmoja. Bosi wetu alikuwa ametuelekeza kwa mdomo tu, hakuna popote palipoandikwa: mzungu, bei ya mgeni. Nikamtajia. Mzee hakupandisha sauti. Akatoa pochi, akachomoa kitambulisho cha NIDA, akakiweka juu ya kaunta na kukisukuma kwa kidole kimoja mpaka kikagusa mkono wangu. Akaniambia, "Mwanangu, soma." Nikasoma. Kumbe Mtanzania, mzaliwa wa Moshi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba unisamehe." Akaitikia marahaba, akalipa bei yake, akaenda kucheza. Lakini yule kijana aliyekuwa anambebea begi mara zote alinisimulia baadaye kwamba mzee hakusema neno mpaka shimo la tano. Mimi ndiye niliyemwambia mtu mzima, mbele ya kedi wake, kwamba hapa si kwake. Mpaka leo likinijia linaniuma.

Wiki hiyo hiyo dada mmoja mweusi kutoka Atlanta alipita kwa bei ya mwenyeji kwa sababu aliitikia "asante" vizuri. Mnaona? Klabu ilikosa hela ya mgeni halisi na ikataka kumtoza mzawa bei ya mgeni. Kisingizio cha biashara kinafia hapo hapo.

Jambo jingine halisemwi kabisa, nalo ni la makedi. Mgeni analipa mara tatu, lakini pale kwetu kedi alipata posho ile ile, awe amebeba begi la mgeni au la mwanachama. Begi la mgeni mara nyingi ni zito, limejaa vijiti 14 vya kupigia mpira na viatu vya akiba, na mipira yake inaingia vichakani kwa kuwa uwanja haujui. Kilichobaki kwa kedi ni kutegemea bakshishi. Matokeo yake vijana walikuwa wanagombania wageni getini, na mwanachama anayelipa ada kila mwaka anakosa wa kumbebea. Kama klabu inadai mgeni analipa zaidi kwa ajili ya kutunza uwanja, basi sehemu ya nyongeza hiyo imfikie anayezunguka naye juani. Hili nililisema kwenye kikao, nikaambiwa litaangaliwa. Niliondoka pale halijaangaliwa.

Kwa hiyo wenye klabu, andikeni bei ukutani, makundi yote, mwanachama, mgeni wa mwanachama, raia asiye mwanachama, mkazi mwenye kibali, mgeni wa nje. Andikeni kwa shilingi, maana kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Halafu ombeni kitambulisho kwa kila mtu, hata kwa jirani yenu mnayemjua. Inachukua nusu dakika.

Nirudi kwa kaka yako, mleta mada, kwa ukweli ambao hataupenda. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akienda Marangu na pasi ile atalipa kama Mmarekani yeyote, ingawa mgomba wa babu yake unaonekana kutoka barabarani. Najua inavyokata maini, mdogo wangu yuko hali hiyo hiyo. Ila kwa gofu bado ana njia. Kama shemeji ni mwanachama, wafike pamoja, shemeji amwandike kwenye kitabu cha wageni na kusaini kabla hela haijatoka mfukoni, kwa sababu klabu nyingi zina bei ya mgeni wa mwanachama na pale kaunta hawaisemi wasipoulizwa. Akishalipa bila kuandikwa, kurudishiwa ni kazi. Adai na risiti yenye jina la kundi alilotozwa. Asipopewa, hapo ndipo aombe kuonana na katibu wa klabu.