Wachagga wa Wapi, na wa Lini? Kwa Wanaoanza Dokumentari Yao ya Kwanza Moshi

Wanafunzi wanaoniletea pendekezo la dokumentari huja na sentensi ileile: "Nataka kufanya filamu kuhusu utamaduni wa Wachagga." Nawauliza: wa wapi, na wa lini? Wengi hubaki wananitazama. Ukiwasha kamera kabla ya kuyajibu maswali hayo mawili, utarudi na theluji ya kilele cha Kibo, migomba, bibi anayekoroga mbege (pombe ya ndizi) na watu wanaocheza harusini. Picha nzuri, ila zote tumeshaziona kwenye kalenda za ukutani.

Tuanze na wapi. Mipaka ya Mkoa wa Kilimanjaro haifuati kabila. Same na Mwanga ni Upareni, na Mpare ukimwambia filamu yako ya "utambulisho wa Kilimanjaro" haina hata sura moja ya kwao, atakuuliza kama milima yake umeiona. Tambarare, kusini ya mji, wapo Wakahe, na yapo mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC yenye familia ambazo babu zao walikuja kutafuta kazi kutoka mbali. Upande wa Hai na Siha kuna wafugaji wa Kimasai. Mjini nako, ukizunguka Majengo, Njoro na Pasua, utakuta watu waliozaliwa Moshi na wazazi wao wakazaliwa Moshi, hawana kihamba (shamba la ukoo) mlimani, na hawaoni kwa nini wakose kuitwa watu wa Moshi. Hawa huachwa nje karibu kila mara. Mwenye muda mfupi na nauli ndogo ningemshauri aanzie kwao.

Mlimani kwenyewe pia usidhani wote ni wamoja. Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, Rombo: Mmachame na Mrombo kila mmoja akishika lugha ya kwao hawataelewana, watahamia Kiswahili. Hata makanisa yamefuata mgawanyo wake. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walishika sana Machame, Old Moshi na Marangu. Wakatoliki wakashika Kilema, Kibosho na Rombo. Mzee mmoja wa Machame akikaa mbele ya kamera akasema "sisi Wachagga tunafanya hivi", wewe andika pembeni: Machame. Ukiacha kauli hiyo isimame kwa niaba ya mlima mzima, siku ya kuonyesha kazi yako watu wa Kibosho hawatakusubiri umalize.

Swali la lini ndilo wanafunzi hulikimbia, na ndilo lenye utajiri. Kabla ya Wajerumani kila Mangi, yaani chifu, alikuwa na nchi yake, na nchi hizo zilipigana. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu wakubwa. Hisia ya kuwa watu wamoja imejengwa polepole, na sehemu kubwa imejengwa kwa kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA. Mwaka 1933 ikaja KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima, ambayo jengo lake bado lipo katikati ya mji. Mwaka 1952 Thomas Marealle akasimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, cheo ambacho hakikuwapo enzi za kina Rindi. Mwaka 1960 cheo hicho kikaondoka, na mwaka 1963 serikali ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima.

Chora miaka hiyo kwenye karatasi kubwa, ibandike ukutani, kisha kila mtu unayetaka kumhoji mwandike mwaka wake wa kuzaliwa kwenye mstari huohuo. Utaona jambo mara moja. Bibi aliyezaliwa 1944 alikuwa mtoto wa shule wakati Mangi Mkuu yupo. Basi usimuulize "utamaduni wenu ni upi", swali ambalo litamfanya akusomee mambo ya kitabuni. Muulize siku Mangi Mkuu alipopita kijijini kwao walivaa nini, nani alikataa kwenda, na baba yake alisema nini jioni. Hapo utapata mtu na hadithi yake.

Nasisitiza hili kuliko yote: uliza watu wamefanya nini, usiwaulize wao ni nani. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia mwanafunzi akiuliza lilihusu mazishi. Familia imeishi Dar es Salaam miaka mingi, watoto wamezaliwa huko, nyumba wamejenga huko, lakini msiba ukitokea jeneza linapanda gari kuja Rombo, na marehemu anazikwa kihambani. Kwa nini? Nani analipa? Mjukuu gani anaona ni gharama za bure, na je, atathubutu kulisema mbele ya shangazi zake? Hilo ni swali la utambulisho ambalo hakuna haja ya kulitamka neno utambulisho hata mara moja.

La urithi nalo ni hivyo. Kwa desturi kihamba hupita kwa watoto wa kiume, na kwa kawaida kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Kati ya desturi na sheria kuna meza ya familia, na kwenye meza hiyo kuna ugomvi halisi. Ukiingia humo ingia taratibu, usitafute mtu wa kulia mbele ya kamera.

Kuhusu takwimu, mtego mmoja. Utakutana mtandaoni na idadi ya Wachagga imeandikwa kwa kujiamini kabisa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila Tanzania. Sensa ya 2022 itakupa watu wa mkoa, wilaya na kata, haitakupa watu wa kabila. Kwa hiyo namba yoyote mpya ya aina hiyo ni makadirio ya mtu, na wewe usiiweke kwenye skrini kama ukweli.

Vyanzo viko karibu kuliko mnavyofikiri. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi ni mahali pa kuanzia kwa habari za kahawa na vyama. Parokia na mitaa ya kanisa wana vitabu vya ubatizo na ndoa. Omba kwa mchungaji au paroko mwenyewe, kwa barua, usimvizie mhudumu. Mafaili ya enzi za ukoloni yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na safari hiyo ipange mapema. Lakini hazina kubwa iko kwenye albamu za familia. Usiziazime. Piga picha ya picha hapohapo, kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, huku mwenyewe akikutajia nani ni nani na wewe unamrekodi sauti. Mara nyingi sauti hiyo huwa bora kuliko mahojiano rasmi.

Habari ya Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, huwavuta wengi, na madai kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani bado ni jambo hai. Ukiichagua, kumbuka ndugu zake wapo na bado wanasubiri mabaki ya mtu wao. Hao ndio wa kuwaendea kwanza, kabla ya mwalimu wa historia.

Vibali nitavipitia haraka. Barua ya utambulisho kutoka chuoni, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Bodi ya Filamu ndiyo inayohusika na kibali cha kupiga filamu, kwa hiyo waulize mapema kazi ya mwanafunzi inatakiwa kupitia wapi. Ndege isiyo na rubani (droni) ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi ya mlima utaongea na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kila mhojiwa asaini fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka; tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata isingekuwapo, adabu ingetosha.

Mara ya kwanza nenda bila kamera. Shikamoo, keti, kunywa chai, eleza umetoka kwa nani. Kilo ya sukari mkononi haijawahi kumchukiza bibi wa mtu. Ukikaribishwa mbege asubuhi, onja kwa heshima na useme una kazi, maana wapo wapiga picha ambao fremu zao za mchana ziliniambia kila kitu. Siku hiyo sikiliza pia mahali palivyo: majani makavu ya migomba hupiga kelele kwenye upepo kuliko unavyodhani, na jogoo hana ratiba. Maiki ya kubana kwenye kola ni muhimu kuliko lenzi mpya.

Kalenda nayo ina ubishi wake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za juu huteleza na mlima hujificha. Ukiutaka, amka kabla ya jua. Desemba kila mtu yupo nyumbani, lakini utapata filamu ya Krismasi: magari ya Dar, nyama, shangwe. Kama swali lako ni nani anabaki kijijini wengine wakiondoka, njoo Februari.

Na utani wa Mchagga na pesa, au wa Mpare na ubahili, uacheni kwenye daladala. Mhojiwa akiutaja mwenyewe, sawa, lakini muulize umemgusa vipi.

Ukishakata rasimu ya kwanza, kabla ya kuipeleka kwa msimamizi, ichukue kwenye kompyuta mpakato urudi nayo kwa uliowahoji. Watakusahihishia majina ya vijiji, nani ni mkubwa kwa nani, na bwana mmoja uliyemwandika "jirani" atajulikana kuwa ni shemeji. Nenda na daftari, na nenda na betri iliyojaa, kwa sababu umeme wa juu huko una siku zake.