Je, wapo wanaofurahia mazoezi kweli, na mkazi wa Bukavu achague yapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, nina umri wa miaka 47 na ninaishi Kadutu. Hivi karibuni daktari alinikuta na presha, akaniandikia dawa na kuniambia nianze kufanya mazoezi. Nimechagua kukimbia alfajiri: ninashuka hadi Nyawera, kisha ninapanda mbio kurudi nyumbani. Kila mara ninafika nikihema na kichwa kikigonga, na siku mbili zinazofuata mapaja yananiuma hata kushuka ngazi za shule ni taabu. Jirani yangu, ambaye amekimbia kwa miaka mingi, anasema asipokimbia siku yake haiendi vizuri. Je, watu hawa wanafurahia kweli, au wanajikaza tu? Mimi nina kasoro gani, na nichague zoezi lipi? Tena, programu ya simu yangu inataka nifikishe mapigo ya moyo 130 kwa dakika, nami ninameza bisoprolol, dawa ya presha niliyoandikiwa. Niifuate?

Jibu: Ndugu Mwalimu, jirani yako hakudanganyi, wala wewe huna kasoro. Wapo watu wengi wanaofurahia mazoezi na wapo wengi wasioyapenda, lakini katika kazi yangu ya fiziotherapia nimeona kwamba hawa wa pili, ukiwahoji vizuri, mara nyingi hawachukii kutumia mwili. Wanachukia kiasi cha nguvu walichojitwika tangu siku ya kwanza. Kupanda mbio kutoka Nyawera hadi Kadutu, kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea, ni kazi ambayo karibu kila mtu angeichukia, na sababu yake inapimika.

Misuli ikifanya kazi nyepesi, oksijeni tunayovuta inatosha mahitaji yake. Kazi ikiongezeka, hufika mpaka ambapo laktati, kemikali inayotolewa na misuli ikifanya kazi, huanza kurundikana katika damu haraka kuliko inavyoondolewa, na pumzi hubadilika ghafla ikawa ya kuhema. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis, ambaye kwa miaka mingi amechunguza hisia za watu wakiwa katikati ya mazoezi badala ya kuwauliza baadaye tu, ameeleza jambo ambalo naliona kuwa ndilo jibu la swali lako. Chini ya mpaka huo, watu wengi hujisikia vizuri. Karibu na mpaka hugawanyika: kuna anayefurahia na kuna anayekereka, kila mmoja na tabia yake. Juu ya mpaka, karibu wote hujisikia vibaya, kisha hupata nafuu ya haraka mara tu wanaposimama. Nafuu hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya baadhi ya watu waseme kwamba mazoezi ni matamu, ilhali kilichowafurahisha ni kuyamaliza.

Sasa tuchukue barabara yako. Wataalamu wa mazoezi hutumia milinganyo ya Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kukadiria oksijeni inayotumika. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa mahali tambarare hutumia takriban mililita 10 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kila dakika. Mtu huyo huyo, kwa mwendo ule ule, akipanda mlima unaoinuka mita 10 katika kila mita 100, hutumia takriban 22, yaani zaidi ya mara mbili, na bado anatembea tu. Akiamua kukimbia kilomita 8 kwa saa katika mwinuko huo, anahitaji takriban 42. Mwanamume wa umri wako ambaye hajajizoeza mara nyingi ana uwezo wa juu kabisa unaokaribia 30 hadi 35. Kwa hiyo ulipokuwa ukipanda mbio hukuwa umevuka mpaka wa starehe tu. Ulikuwa unaudai mwili kitu ambacho hauna. Jirani yako amejenga uwezo huo mwaka hadi mwaka, na mwinuko ule ule unamkuta akiwa chini ya mpaka wake. Mnapita barabara moja, lakini hamfanyi zoezi moja.

Maumivu ya mapaja yanatokana na kitu kingine, nacho ni kule kushuka. Mtu anaposhuka mlima, misuli ya mbele ya paja hulazimika kujikaza huku ikirefushwa ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo huacha michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli; maumivu yake hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Wengi husema ni asidi iliyobaki katika misuli, lakini laktati huondoka ndani ya muda mfupi baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayokuuma keshokutwa ukiwa kwenye ngazi za shule.

Kwa sababu hizi, jambo la kwanza ninalokushauri ni kugeuza njia na kuacha kukimbia kwa sasa. Anza kwa kutembea, tena ukitoka nyumbani panda kwanza polepole, kisha urudi ukishuka kwa hatua fupi. Mpango huo una faida ambayo watu wengi hawaifikirii: kumbukumbu ya zoezi hutegemea sana jinsi lilivyomalizika. Mwaka 2016 Zachary Zenko, Ekkekakis na Dan Ariely walichapisha utafiti ambamo watu walioanza na nguvu nyingi na kupunguza polepole walilikumbuka zoezi kwa uzuri kuliko walioanza na nguvu ndogo na kuongeza, ingawa jumla ya kazi ilikuwa sawa. Wewe umekuwa ukimaliza kila alfajiri kwa sehemu mbaya kuliko zote, na hiyo ndiyo picha unayolala nayo ukifikiria kesho. (Mtu anayeishi karibu na ziwa, huko Muhumba au Nguba, hana shida hii, kwa kuwa njia zake nyingi humwezesha kupanda kwanza, mji wetu haukuwagawia wakazi wake milima kwa usawa.)

Jambo la pili ni kipimo, na hapa ndipo ninapojibu kuhusu simu yako. Programu nyingi huchukua 220, hutoa umri, kisha hutafuta asilimia fulani ya jibu. Kwa miaka 47 hupatikana 173, na asilimia 75 yake ni 130. Hata kwa mtu asiyemeza dawa yoyote, kanuni hiyo hukosea kwa urahisi kwa mapigo 10 au zaidi. Bisoprolol, kama atenolol na dawa nyingine za jamii yake, hupunguza mapigo ya moyo wakati wa kupumzika na wakati wa kazi pia, na hiyo ndiyo kazi yake mojawapo. Ukilazimisha kufika 130 huku dawa inaushikilia moyo, utajikuta unafanya kazi ngumu mno huku simu ikikuambia kwamba bado hujafika. Zima kengele hiyo. Wala usiache dawa ili upate mapigo, kwani kuikatisha ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa.

Badala yake tumia sauti yako. Ukiwa unatembea, sema Salamu Maria kwa sauti, au maneno mengine ya urefu huo unayoyajua kwa moyo. Ukiweza kuyasema kwa sentensi kamili bila kukata katikati ili uvute pumzi, lakini usingeweza kuyaimba kwa starehe, uko mahali panapofaa. Ukianza kukatakata maneno, umeufikia mpaka niliouelezea au umeuvuka; punguza mwendo hadi maneno yarudi. Na ukiweza kuimba bila shida, ongeza kidogo. Kipimo cha pili ni kujiuliza unajisikiaje, kwa ngazi inayoanzia -5, yaani vibaya sana, hadi +5, yaani vizuri sana. Charles Hardy na Jack Rejeski waliichapisha mwaka 1989 na bado inatumika. Ubaki kati ya +1 na +3. Ukishuka chini ya sifuri hakuna nishani ya kuvumilia, punguza tu.

Usitegemee kwamba furaha itakuja kwa kile ambacho redio na mitandao hupenda kukiita homoni ya furaha, yaani endofini. Endofini zilizomo katika damu hazipiti kwa urahisi kuingia kwenye ubongo, na watafiti wengi sasa wanatazama zaidi kemikali nyingine, hasa anandamidi, ambayo huongezeka katika damu baada ya zoezi la nguvu ya wastani. Athari hizo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na anayezisubiri dakika ya tano atavunjika moyo. Kuna jambo jingine linalohusu dakika hizo za mwanzo: Matthew Ruby na wenzake huko Kanada walichapisha mwaka 2011 matokeo yanayoonyesha kwamba watu hukadiria kwa upungufu jinsi watakavyofurahia zoezi, kwa sababu kabla ya kuanza hutazama mwanzo tu, ambao kwa kawaida ndio sehemu isiyopendeza. Uvivu unaousikia saa kumi na moja alfajiri si ushahidi kuhusu saa kumi na mbili.

Na nini kipendwe? Nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan inataja mahitaji matatu ambayo yakitimizwa mtu huendelea na jambo bila kusukumwa: kulichagua mwenyewe, kujiona analiweza, na kuwa na watu wa kushirikiana nao. Ndiyo maana hapa kwetu wale wanaodumu ni wa vikundi vya kutembea na kukimbia Jumapili asubuhi, wa mpira, na wa kwaya na ngoma. Sitanii kuhusu kwaya. Saa moja ya mazoezi ya kwaya inayocheza huku ikiimba inaweza kuwa kazi nyepesi hadi ya wastani kwa mwili, na kwa kuwa lazima uimbe, karibu haiwezekani kuvuka mpaka wa pumzi. Baiskeli ningemshauri mtu wa Lubumbashi, ambako ardhi inaruhusu. Kuogelea ni zuri kwa anayejua tayari, tena asiwe peke yake. Kwa wasomaji wa Goma naongeza tahadhari moja: msifanye mazoezi wala kulala chini kunyoosha viungo katika mabonde na mashimo yenye mazuku, yaani gesi ya hatari inayotoka ardhini, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo, kwa maana kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hutulia humo.

Neno hili lote, hata hivyo, ni kwa mtu anayekaa au kusimama darasani siku nzima. Mama anayebeba mizigo mgongoni katika soko la Kadutu hahitaji kuambiwa na mimi atembee zaidi. Anahitaji mzigo mwepesi na kupumzika.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za nguvu ya wastani kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku 2. Anza na dakika 10 kila siku, na hizo zinahesabiwa. Kwa misuli, kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono na kusukuma ukuta vinatosha kwa mwanzo. Usizuie pumzi unapojikaza, kwa sababu presha hupanda ghafla.

Ikiwa siku moja moyo wako utakuelekeza kwenye mpira wa wazee, usiogope kwamba si zoezi halali. Peter Krustrup, Jens Bangsbo na wenzao huko Denmark wameonyesha kwamba mpira wa timu ndogo hupunguza presha kwa wanaume wasiojizoeza. Tatizo la mpira ni kwamba ushindani huondoa ule uhuru wa kupunguza mwendo, na kano za visigino na misuli ya mashavu ya miguu ya mtu wa miaka 47 huweza kukatika kwa mbio za ghafla. Kwa hiyo tembea kwa miezi miwili au mitatu kwanza, umwone daktari tena, kisha uombe kucheza dakika chache nyuma. Siku ambayo presha imefika 180 kwa 110 kabla hujaanza, usicheze wala usipande mlima, bali uende kituo cha afya. Na kifua kikikubana, au kizunguzungu kikikushika ukiwa uwanjani, toka saa hiyo hiyo na mtu akupeleke hospitali, hata kama timu itabaki pungufu.